Bima ya Kimya

Mkebe wenyewe ulikuwa wa biskuti, wa buluu, kifuniko kimeshika kutu pembeni. Kila nyumba ya Mji wa Kale ninayoijua ina mkebe kama huo. Mwengine umejaa nyuzi na sindano, mwengine vyeti vya kuzaliwa, na wa nyanya yangu ulijaa sarafu. Niliupeleka Mwembe Tayari kwa mikono yangu miwili, nikaulipia shilingi 350, nikajaza fomu kwa kalamu iliyofungwa uzi kwenye kaunta isije ikaibwa. Palipoulizwa maelezo ya mzigo niliandika: vitu vya nyumbani. Palipoulizwa thamani niliandika: 1,000.

Kesho yake asubuhi mkebe ulifika Nairobi. Sarafu, baadhi yake, hazikufika.

Tangu siku hiyo nimesimulia kisa hiki barazani, kwenye matatu, kwenye simu usiku, na karibu kila mtu amenijibu kwa swali lilelile: "Kwani nani alijua mna nini ndani?" Kwao, kosa ni kuwa siri ilivuja. Naandika kupinga jibu hilo. Hapa kwetu tumekigeuza kimya kuwa kampuni ya bima. Tunailipa kila mwaka na haijawahi kumfidia mtu.

Nyanya alifariki Kibokoni, katika nyumba aliyoolewa. Baada ya arobaini, watoto wake walikaa kugawana. Nyumba ilikuwa na maneno yake, hayo si ya kuandikwa hapa. Mkebe ulionekana jambo jepesi: hakuna aliyejua thamani yake, kwa hivyo zikadiriwe kwanza sarafu, halafu tuone. Ami yangu anaishi Maskati, na huko hawapungui watu wanaokusanya sarafu za masultani wa Unguja. Akasema mkebe upelekwe Nairobi kwa rafiki yake ambaye angesafiri wiki ile, aubebe kwenye begi. Sasa nani aupeleke kituoni? Shangazi akanitazama.

"Huyu hapa hana kazi."

Ni kweli niliacha chuo mwaka wa pili. Na kuandika makala kwa malipo, kwa shangazi yangu, ni aina ya ugonjwa ambao utapona nikioa. Nikaubeba mkebe.

Wazee husimulia kuwa Mwembe Tayari ilipata jina kutokana na mwembe ambao misafara ya kwenda bara ilikusanyika chini yake, wapagazi na mizigo yao, mpaka kila kitu kiwe tayari. Hata kama hadithi imetiwa chumvi, kazi ya mahali pale haijabadilika. Simama jioni upande wa Jomo Kenyatta Avenue uangalie vinavyopakiwa: magunia ya nazi, samaki kwenye barafu, godoro la mwanafunzi, televisheni iliyovishwa kanga, vikapu vya halua vya kupelekea harusi Eastleigh. Nusu ya upendo wa Mombasa kwa watu wake walioko bara hupitia hapo, umefungwa kwa kamba ya katani na kuandikwa namba ya simu kwa kalamu nene. Napapenda mahali pale. Ugomvi wangu ni na karatasi wanayokupa.

Lakini kwanza niseme kilichokuwa ndani, kwa sababu siku ile sikukisema.

Mlikuwa na riale tatu za Maria Theresa, zile za fedha zilizoandikwa 1780 hata kama zilifuliwa karne nzima baadaye, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani zote hizi, kutoka Uhabeshi mpaka Unguja, walikuwa wameizoea sura hiyo na tarehe hiyo. Mlikuwa na pesa za shaba za Sayyid Barghash, za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, nyingi, zimelika kwa vidole vya watu waliokwisha kufa. Mlikuwa na rupia moja ya fedha ya mwaka 1888, ya Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyofuliwa Birmingham, ina jina la Mombasa na picha ya mizani. Mlikuwa na shilingi za King George zenye simba, za kuanzia 1921. Na mlikuwa na senti kumi zenye tundu katikati, ambazo nyanya alizitunga kwenye uzi kama shanga. Neno pesa lenyewe ni jina la sarafu iliyotoka Bara Hindi, na hela ni heller ya Mjerumani. Tumerithi majina na tunayatumia kila saa. Sarafu zenyewe tumeziacha kwenye mikebe.

Hazikuwa hazina ya mfalme. Mtu mmoja wa Nairobi anayenunua na kuuza sarafu alinikadiria baadaye kwa simu, kwa kusikia tu, kama elfu sabini kwa zote. Kwa tajiri wa Nyali hiyo ni chakula cha jioni na wageni. Kwa mtu anayelipa kodi ya chumba Majengo, elfu sabini haziitwi vitu vya nyumbani.

Basi nikafika kaunta. Dada wa zamu akauliza:

"Ndani mna nini, kaka?"

"Vitu vya nyumbani."

"Vyavunjika?"

"La."

Akautikisa. Mkebe ukaimba. Fedha ikigongana na bati ina sauti yake, haifanani na vijiko. Dada akanitazama, nami nikaitazama kalenda ukutani.

"Thamani?"

Mzee mmoja nyuma yangu, mwenye gunia la mihogo, akanihurumia. "Andika elfu, mwanangu. Ukitaja kubwa watakupandishia."

Nikaandika elfu. Nikajiona mjanja.

Aliyepokea Nairobi alifungua mkebe na kunipigia kwa video. Akazungusha simu juu ya meza: "Hizi ndizo zote?" Shaba zilikuwepo, zote nadhani. Uzi wa nyanya ulikuwepo na senti zake. Riale hazikuwepo. Rupia ya mizani haikuwepo. Aliyechagua alikuwa na jicho: alichukua fedha akaacha shaba. Gundi ya juu ilionekana mpya kuliko niliyoifunga mimi, lakini niseme nini? Yangu sikuwa nimeipiga picha.

Nilirudi Mwembe Tayari na risiti. Nikaelekezwa kwa mkubwa wa ofisi, mtu mpole, akanikaribisha kiti, akasoma fomu yangu kwa sauti kama anayesoma hukumu. "Vitu vya nyumbani. Elfu moja. Mzigo umefika?" Nikasema umefika lakini. Akasema lakini haina pa kuandikwa. Nikileta barua, wataangalia namna ya kunirudishia elfu yangu. Halafu akaigeuza risiti, akanionyesha upande ambao sikuwahi kuusoma katika miaka yote ya kutuma na kupokea vitu pale. Maandishi madogo kama chungu. Kampuni haipokei fedha taslimu, mapambo wala vitu vya thamani. Kampuni haitalipa zaidi ya thamani iliyotajwa. Kwa jinsi ilivyoandikwa, hata ile elfu ilikuwa sadaka.

Hayo ningeyameza. Lililonikaa kooni ni simu ya Ami.

"Riale ulizibeba ngapi?"

"Tatu, Ami."

"Mimi nakumbuka tano."

Shangazi akasema nne. Binamu yangu akasema kulikuwa na ya dhahabu. Ya dhahabu! Katika miaka yote ambayo mkebe ule ulikaa juu ya kabati hakuna aliyewahi kuzihesabu, na siku moja baada ya kupotea kila mtu ana hesabu yake. Na mimi ndiye wa mwisho kuushika, mimi nisiye na kazi, mimi niliyeandika uongo kwenye fomu kwa mwandiko wangu mwenyewe. Hakuna aliyesema neno lenyewe. Katika familia yetu hatusemi. Lakini nakuuliza wewe unayesoma: ningethibitishaje kwamba sikuiba? Sina picha, sina orodha, sina uzito. Nina risiti inayosema nilituma vitu vya nyumbani.

Sasa tugombane, maana kuna wa kugombana nao.

Nianze na wasafirishaji, na sitaji jina kwa sababu karatasi zao zinafanana kama mayai. Pale wanapokuuliza thamani, wengi wetu tunadhani tunakatiwa bima. Hatukatiwi. Thamani unayoitaja ni dari ya deni lao: wakipoteza, hawalipi kupita hapo, na mara nyingi inabidi kwanza uonyeshe kuwa wao ndio wazembe. Bima ni mkataba mwengine kabisa. Unalipia sehemu ndogo ya thamani, na kitu kikipotea unalipwa kwa sababu kimepotea, halafu kampuni ya bima ndiyo ihangaike na aliyepoteza. Kuna hata bima ambayo thamani inakubaliwa tangu mwanzo na kuandikwa kwenye hati, ili siku ya dai pasiwe na mabishano kuwa riale hii ilikuwa nzuri au mbovu. Si jambo geni hapa. Limo katika Sheria ya Bima ya Bahari, Sura ya 390 ya sheria za Kenya, na mji huu unaishi kwa bahari. Tangu Januari 2017 waagizaji wanalazimika kukatia mizigo yao bima kwa kampuni za humu nchini. Kontena la mitumba linaloteremka Kilindini lina bima. Mkebe unaotoka Kibokoni hauna, na aliye kaunta hana hata fomu ya kukuuzia ukitaka.

Msiniambie haiwezekani. Ofisi za bima na ofisi za mabasi zinatazamana mjini humu, zinakunywa chai kwa mama mmoja. Bima ya mizigo safarini ipo na inauzwa kila siku kwa mwenye lori la saruji. Kinachokosekana ni kuikata vipande vidogo, iuzwe mzigo kwa mzigo pale pale dirishani: mzigo wako elfu sabini, ongeza kiasi fulani, hii hapa karatasi yako. Simu zetu zinatukopesha pesa kwa sekunde kumi. Zinashindwaje kukatia mkebe bima ya usiku mmoja? Na yale maandishi ya nyuma yaje mbele, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee wa mihogo anaweza kuzisoma bila kuazima miwani.

Najua atakachonijibu yule mkubwa mpole. Watu wenyewe wanadanganya, kaka. Wataje elfu, halafu wadai laki. Ana haki. Nilidanganya. Na bima hujengwa juu ya kusema kweli kuliko karibu mkataba mwengine wowote: ukificha jambo kubwa, aliyekukatia anaweza kukataa kulipa. Ndiyo maana nusu ya pili ya ugomvi huu ni na sisi.

Sisi watu wa kisiwani tunaficha. Tunaficha kwa kuogopa wezi, kwa kuogopa kijicho, kwa kuogopa jamaa atakayekuja kukopa, kwa kuogopa serikali. Dhahabu ya bibi harusi iko ndani ya debe la unga. Hati ya nyumba iko chini ya godoro. Na kitu kikitakiwa kusafiri, hatutafuti kampuni, tunatafuta mtu: "Fulani yuwaenda Dubai Alhamisi, mpe." Fulani anapewa bahasha hajui mna nini, au anajua na anaapa hajui. Siudharau uaminifu huo. Amana ni jambo kubwa kwetu, na kuna watu wamevuka bahari na mali za wenzao mara ishirini bila kupunguka senti. Lakini aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu nini? Kuandikiana deni, na kuweka mashahidi. Tunaisoma kwa tajwidi nzuri, tunaiweka juu ya kabati, karibu na mkebe, na tunaendelea kupeana riale bila karatasi. Tena ukimwambia mtu aandike, anakasirika: "Huniamini?" Mimi sasa hivi naandikiwa hivyohivyo na jamaa zangu, moyoni mwao, bila karatasi, na ningetoa kitu kikubwa nipate ile orodha ambayo ingewaudhi kwa dakika tano.

Na kwa wale watakaosema bima ni haramu: mjadala huo una wanazuoni wake. Lakini takaful ipo nchini tangu 2011, kwa hivyo kisingizio hicho kimezeeka.

Kuna usiri ninaokubaliana nao. Nje ya sanduku usiandike sarafu. Usiandike vito, wala usiandike "angalia sana". Usitangaze kwenye hali ya WhatsApp kwamba leo unatuma urithi. Sanduku lenyewe linyamaze na karatasi iseme. Mimi nilifanya kinyume: karatasi yangu ilinyamaza, mkebe ukaimba njia nzima mpaka Mtito Andei.

Halafu kuna sheria, na hapa nitawaudhi jamaa zangu zaidi. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa ni kitu cha kale kile chochote kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kukitoa nje ya nchi kunataka kibali. Pesa za Barghash ziko ndani ya mstari huo. Rupia ya 1888 iko ndani. Shilingi za King George haziko. Kwa hivyo mpango mzima wa familia, begi la rafiki wa Ami na ndege ya Maskati, ulikuwa ni mpango wa kuvunja sheria, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kuuliza ni kutaja. Na hakuna bima itakayolipa mzigo uliokuwa ukisafirishwa kinyume cha sheria, hata ungekatiwa na malaika.

Sheria yenyewe naiunga mkono. Vitu vyetu vingi vimeondoka pwani hii kwenye mabegi ya watalii. Ninachopinga ni sheria kukaa kabatini kama mkebe. Fort Jesus iko mwendo wa dakika chache kutoka Kibokoni. Iwepo siku moja kwa mwezi ambayo mtu analeta mkebe wake pale, sarafu zinapigwa picha na kupimwa, anaandikiwa orodha yenye muhuri na anarudi nazo nyumbani kwake bila kunyang'anywa. Kama mtu anaogopa kuwa kutaja ni kupokonywa, hatataja, na zitaendelea kuondoka Alhamisi na Fulani.

Kuna jamaa aitwaye Maurie Isenberg, mwanajeshi wa Australia, ambaye mwaka 1944 aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Akazitia ndani ya mkebe akazisahau. Mwaka 1979 alipozipeleka zitambuliwe, tano zilionekana ni za Kilwa. Sarafu za Kilwa, Australia! Hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Lakini wanabishana, hawapuuzi, kwa sababu Isenberg alikuwa na ramani aliyoitia alama ya X pale alipoziokota. Bila ile X zingekuwa vipande vya shaba vya mzee mmoja. Nyanya yangu hakutia X popote. Riale alipewa na nani, mahari ya nani, chombo cha nani kilizileta? Alijua. Nasi hatukumwandika.

Na kama wataka kuona karatasi inavyoweza kuishi kuliko meli, kuna Tilawa. Ilitoka Bombay Novemba 1942 ikija Mombasa, kisha Maputo na Durban, imebeba abiria na vipande 2,364 vya fedha ambavyo serikali ya Afrika Kusini ilinunua ili ifue sarafu. Tarehe 23 manowari ya Kijapani iliizamisha. Watu 280 walikufa, wengi wao Wahindi waliokuwa wakija kwa jamaa zao upande huu, na tusiwataje haraka kana kwamba fedha ndiyo msiba. Lakini fedha ile ilipoopolewa mwaka 2017, miaka sabini na mitano chini ya maji, bado ilijulikana ni ya nani, ngapi, ilinunuliwa wapi. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Uingereza na mwaka 2024 Afrika Kusini ikashinda. Fedha ya Tilawa haikupoteza mwenyewe katika vita vya dunia. Riale za nyanya zilimpoteza mwenyewe kati ya Mariakani na Mlolongo.

Watu wananiuliza sasa, kana kwamba nimekuwa mtaalamu, wafanyeje na mikebe yao. Mimi si mtaalamu, nimeibiwa tu, lakini nimeuliza wanaojua. Kwanza usizioshe. Ukwaju na majivu ni vya sinia ya shaba. Sarafu ya zamani ukiisugua ing'are umeiondolea rangi ya uzee ambayo mnunuzi anailipia. Ipige kila moja picha pande zote mbili, kando ya rula. Nenda kwa sonara unayemjua ukazipime kwa gramu: riale ya Maria Theresa inapita kidogo gramu 28, na ikipungua sana una maswali ya kuuliza. Andika orodha, nakala tatu. Pata makadirio kwa maandishi kutoka kwa mtu mwenye jina na muhuri, kwa sababu bila hayo kampuni ya bima haina cha kushika. Kila sarafu iwe na kifuko chake cha karatasi, zisigusane, na epuka vile vifuko laini vya plastiki vinavyonuka, huiachia sarafu utelezi wa kijani. Kisanduku ndani ya sanduku, pamba katikati. Kitikise sikioni. Ukisikia chochote, fungua uanze upya. Gundi ipigwe saini juu yake kwa kalamu isiyofutika, halafu picha.

Kisha uliza swali ambalo nililikwepa, ulize kwa sauti: mnapokea sarafu? Wasafirishaji wengi wakubwa wa kimataifa watakwambia hawapokei, ziko kwenye orodha yao ya vilivyokatazwa, na ukizificha humo ndani umelipia mzigo usio na mtetezi. Posta za dunia nzima ziko chini ya mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, na mkataba huo hauruhusu sarafu ziingie kwenye barua za kawaida. Zinatakiwa ziende kama kitu kilichokatiwa bima, pale nchi zote mbili zinapokubali. Uliza wakala wa bima kama hati yake inataja sarafu kwa jina au inazitenga kwa jina. Uliza bima inaanzia wapi na kuishia wapi: mlangoni kwako, kwenye kaunta, au kwenye gari? Mwambie mpokeaji afungue mbele ya kamera, gundi ikionekana. Na ukiona masharti yote yanakushinda, panda basi mwenyewe, mkebe mapajani. Tikiti ya Nairobi ingenigharimu kama elfu mbili. Nilikataa kwa sababu niliona ni ghali.

Sijalipwa ile elfu. Barua nimeandika, nakala ninayo, tarehe iko juu yake. Sasa naandika kila kitu.

Wiki iliyopita mkebe ulirudishwa na mtu aliyekuwa akija Mombasa, mkononi, na nilimuomba atie saini alipoupokea na alipoukabidhi. Alicheka lakini alitia. Nikaenda Kibokoni na daftari na mizani ndogo niliyoazima kwa sonara. Shangazi alikuwa akichambua mchele. Nikamwambia, Shangazi, tuzihesabu, mimi na wewe, sote tutie saini. Alinyamaza muda. Akanawa mikono. Tulikaa kwenye busati toka adhuhuri mpaka laasiri: pesa za Barghash arobaini na moja, shilingi za simba kumi na sita, senti zenye tundu ishirini na tatu kwenye uzi ambao hakutaka nizitoe, kwa hivyo tulizipima na uzi wake. Katikati ya hesabu alikumbuka kuwa riale moja ilikuwa na alama ya jino, nyanya aliing'ata alipokuwa bibi harusi kuangalia kama ni fedha kweli. Nikaliandika hilo pia, chini ya kichwa cha vilivyopotea.

"Zilikuwa ngapi, Shangazi?"

Aliutazama uzi. "Andika tatu au nne," akasema.

Akatia saini yake kwa Kiarabu, mimi yangu kwa herufi zangu. Nakala moja akaikunja akaitia ndani ya mkebe, akaingia nao chumbani. Ameuweka wapi hajaniambia, na sijamuuliza.